Injini Isiyoshika Mteremko

Kila gari lililompakia Nurudini Hilali kutoka Kasulu kwenda Kibondo lilisimama kileleni mwa mteremko ulio mbele ya Makere, naye akashuka. Abiria wenye haraka walinung'unika na madereva wakacheka, lakini walisimama, kwa sababu anayetegemea gari hamvunjii fundi heshima. Nurudini alifunga vifungo vya koti, akashika ukingo wa barabara, akateremka kwa miguu hadi kwenye daraja la bondeni, ambako gari lilikuwa likimngoja. Alipopanda tena hakuna aliyemuuliza kitu. Mjini walimwita Fundi Tambarare, na aliitika.

Mteremko huo watu wanauita Kwa Ntirampeba. Ntirampeba alikuwa dereva wa lori, na Nurudini, kabla hajatimiza miaka ishirini, alikuwa utingo wake. Enzi hizo barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na siku hiyo walipakia chumvi ya Uvinza kuipeleka Kibondo. Ntirampeba alipofika kileleni alitoa gia, akaliacha lori lijiendee lenyewe ili abane dizeli, kama walivyofanya madereva wote aliowajua. Kazi ya utingo ilikuwa kuning'inia nyuma na kigogo cha mti mkononi. Lori likikataa kusimama, aruke akakitie chini ya tairi.

Lori lilikataa. Nurudini akaruka, akakitia kigogo mahali pake, na tairi likapanda juu yake kama linavyopanda juu ya kokoto, likaendelea. Alichosikia baada ya hapo ni dereva akitafuta gia. Gia zilisagana, zikakataa kuingia, zikasagana tena, kila mara kwa mbali zaidi. Kisha pakawa kimya kwa kitambo, halafu ukaja mlio ambao hadi leo hausimulii. Akisimulia, huishia kwenye zile gia.

Kutoka siku hiyo alibaki na kanuni moja, na aliirudia kwa kila mteja aliyeingia gereji yake karibu na soko la Kasulu: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Hakuna dereva wa milimani asiyeijua kanuni hiyo, na wengi wao waliishi kwayo kuliko alivyokusudia. Walishuka kwa gia, na breki wakaziwekea akiba ya kusimamia sokoni. Magari yaliyokuja kwake yalikuwa na injini zilizotunzwa kama mayai, na breki ambazo hakuna aliyewahi kuzibadilisha, zimeisha hadi chuma kinasugua chuma. Mwenye gari husema, "Hizo ziache tu, fundi, mimi nashuka na gia." Nurudini aliziacha. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo.

Mambo yalianza kubadilika Hashimu alipoamua kufufua gari la baba yake.

Hashimu anauza vitambaa na vyombo vya nyumbani, ana ndugu Tanga, na amekuwa rafiki wa Nurudini tangu walipokaa mkeka mmoja madrasa. Marehemu baba yake alimwachia Datsun ya michezo, ya milango miwili na viti viwili, yenye boneti ndefu na rangi ya chungwa. Miaka mingi gari hilo lilikaa chini ya turubai nyuma ya duka, na bloku ya injini ikiwa imepasuka. Sasa binti yake, Mwanaamina, alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa Kibondo, na Hashimu alitaka bibi harusi aingie Kibondo ndani ya gari la babu yake. Injini ya aina ile ilitafutwa Mwanza, ikatafutwa Dar es Salaam, haikupatikana. Iliyopatikana ni Mazda iliyogongwa nyuma, bado ikitembea, ambayo injini yake haina pistoni.

Aliyeipendekeza Mazda hiyo alikuwa Firdausi, binti wa Nurudini. Amesomea ufundi wa magari Kigoma, na anaendesha gari kwa namna ambayo wanaume wa Kasulu huisifia wakiwa wameshikilia viti. Ndiye aliyechora mpango mzima kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, baba yake na Hashimu wakiwa wamechuchumaa pembeni.

"Ndani mna vyuma viwili vya pembe tatu," alisema, akichora. "Vinazunguka. Havipandi, havishuki. Baba mdogo, chukulia ni sambusa mbili zilizovimba ubavu."

"Mimi nimetembeza sambusa utotoni," Hashimu alisema. "Sijaona hata moja iliyovuta gari."

"Hizi zinavuta kuliko silinda zako sita."

"Haya. Na zikila mafuta?"

"Zinakula. Na oili zinakula, ndivyo zilivyoundwa, siyo ugonjwa. Mtu asije akaona moshi kidogo akaziba kijibomba cha oili, atakuwa ameiua. Tena tutatia oili kidogo kwenye petroli, kama wapasua mbao wa Makere wanavyotia kwenye misumeno yao."

Hashimu akamgeukia rafiki yake. "Nuru, unamsikia mwanao? Gari la marehemu linakuwa msumeno."

Nurudini alicheka. Mpango ulikuwa mzuri, na alijivunia kuukosoa na kukosa cha kukosoa. Gia boksi ingekuja pamoja na injini. Mauntingi mapya ya kushikilia injini yangechomelewa, propela shafti ikakatwa na kuungwa, rejeta ikasogezwa mbele. Injini yenyewe ilikuwa fupi na nyepesi, ingekaa nyuma kabisa karibu na miguu ya dereva, na pua ya gari ingekuwa nyepesi kuliko zamani. Mistari ya chaki ilifika kila mahali isipokuwa kwenye magurudumu. Breki hazikuchorwa, na kati ya wale watatu hakuna aliyeona kwamba hazikuchorwa.

Siku iliyofuata Firdausi aliitoa Mazda kwenda kuizungusha uwanjani, baba yake akakaa kando yake asikilize. Injini ilikuwa na sauti ya kuvuma, bila ule mdundo alioujua. Firdausi akaingiza gia ya pili, akaongeza mwendo, kisha akaondoa mguu kwenye mafuta.

Nurudini alikuwa amejiandaa. Kwa desturi, dereva akiondoa mguu kwenye gia ya chini, injini huling'ang'ania gari na abiria huinama mbele kidogo. Mwili wake ulikwishakaza shingo ukingoja kuinamishwa. Haukuinamishwa, au uliinamishwa kwa kiasi ambacho mtu asingekitambua kama hakuwa akikingoja. Gari liliendelea kuteleza uwanjani kwa wepesi, kama linaloendelea na safari yake.

Nurudini aliinamia dashibodi kusikiliza.

"Rudia," alisema.

Firdausi akarudia. Ikawa vilevile.

"Kuna nini, Baba?"

"Rudia tena."

Alipoteremka, alilizunguka gari akitazama ardhi chini ya magurudumu. Uwanja ule ni tambarare kuliko mahali popote Kasulu. Hakuwahi kuogopa kitu mahali pale.

Hashimu alikuwa dukani akipima kitambaa, Nurudini alipomweleza kwamba injini ile haishiki. Ukiitegemea kushukia, alisema, itakwenda nawe.

Hashimu aliendelea kupima. "Kushukia wapi?"

"Unajua wapi."

"Aa." Hashimu akaweka kitambaa chini, akamtazama kwa upendo, na upendo ule ndio uliomuumiza Nurudini. "Nuru, ndugu yangu. Wewe hata mkokoteni ungeutafutia kosa ukielekea bondeni. Nimekuvumilia miaka yote, nakushusha kileleni, nakungoja darajani, sisemi. Lakini hii ni harusi."

"Sisemi kwa ajili ya woga."

"Sasa unasema kwa ajili ya nini? Umeipeleka mlimani ukaona?"

Nurudini aligeukia mlango. Mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa akichagua kanga, akasema pole pole bila kuinua macho, "Fundi Tambarare naye," na muuzaji msaidizi akaangua kicheko.

Kurudi gereji, alitembea akijiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza. Miaka yote alijua kwamba anaogopa mteremko ule, na aliuogopa bila aibu, kama mtu anavyokubali kwamba haoni vizuri jioni. Sasa hakuweza kutenganisha. Alichokisikia uwanjani kilitoka kwenye injini, au kilitoka ndani yake? Kama ni ndani yake, angeharibu harusi ya mtoto wa rafiki yake kwa ugonjwa wake mwenyewe. Kama ni kwenye injini, basi atakayeshika usukani wa Datsun siku ya harusi, Mwanaamina akiwa kando yake na shela, ni Firdausi.

Mkewe, Asmahani, alikuwa uani akichambua maharage aliposikia habari hiyo. 

"Baba Firdausi, wewe unaonaje? Ni gari au ni mlima?"

"Sijui."

"Hujui." Akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage. "Umekaa na gari maisha yako yote, umekaa na woga maisha yako yote, na hujui sauti ya nani ni ya nani. Anayekwenda kushika huo usukani nilimzaa mimi. Nenda kajue."

Njia ya kujua ilikuwa moja tu. Alikuwa na kipimo. Kwa kuwa aliteremka mteremko ule kwa miguu kila safari, alikuwa amesikia kila aina ya injini ikishuka kando yake. Pikapu ya Hashimu, Hilux nyeupe, hushuka na gia ya pili ikiguna kama mzee anayeinuka kitini, na mtu mwenye pumzi anaweza kukimbia sambamba nayo hadi darajani bila dereva kugusa breki. Alihitaji kusikia Mazda mahali palepale, kwa gia ileile. Na sauti ya nje isingetosha. Alihitaji kuwa ndani, ahisi mwili wake unainamishwa au hauinamishwi.

Yeye na Firdausi waliondoka na Mazda asubuhi, ukungu ukiwa umekwisha inuka mabondeni. Hadi Makere Nurudini aliongea, tena sana. Aliongea kuhusu mauntingi, kuhusu fundi wa kuchomelea aliyehamia Buhigwe, kuhusu bei ya mbegu. Walipopita Makere akanyamaza. Firdausi, aliyejua sababu, akapunguza mwendo.

Kileleni, kwa mazoea, alisogeza gari pembeni, akasimama, akapitisha mkono mbele ya baba yake amfungulie mlango.

"Sishuki," Nurudini alisema.

"Baba."

"Gia ya pili. Ondoa mguu kwenye mafuta. Usiguse breki mpaka niseme."

"Na usiposema?"

"Nitasema."

Firdausi alimtazama. Mkono wa kushoto wa baba yake ulikuwa umekamata kishikio kilicho juu ya mlango. Akataka kukataa. Badala yake akaingiza gia.

Mwanzo wa mteremko ni mpole. Kuna mikaratusi pande zote mbili, na hapo Hilux ya Hashimu huwa imekwishaanza kuguna. Mazda haikuguna. Mvumo wake ulipanda, ukawa mwembamba, ukapanda tena. Mikaratusi ikaanza kupita haraka. Nurudini alisubiri ule mkono usioonekana unaolivuta gari kutoka nyuma. Uligusa kidogo, ukaachia.

Sasa nimejua, alijiambia. Sema.

Lakini hakujua. Ilikuwa kona ya kwanza tu, na kwenye kona ya kwanza hata woga ungesema. Kama angesema sasa, Hashimu angeuliza alisema wapi, naye angejibu kona ya kwanza, na jambo lingeishia hapo. Akaamua kungoja ya pili. Uamuzi huo aliufanya kwa akili timamu, na ulikuwa uamuzi wa mwisho alioweza kuufanya.

Kati ya kona hizo mbili barabara inainama ghafla, na shamba la mihogo linaonekana chini, mbali, kama limewekwa kwenye sinia. Mvumo wa injini ukawa filimbi. Mgongo wa Nurudini uligandamana na kiti, mahali ambapo ungepaswa kutupwa mbele. Masikio yake yalianza kusikia gia zikisagana. Hakukuwa na gia inayosagana. Firdausi alikuwa ameishika ya pili na haikutoka. Yeye alizisikia. Zilisagana, zikakataa, zikasagana tena.

Kona ya pili ikafika. Alifungua mdomo. Neno ambalo alilibeba kutoka Kasulu halikuwepo.

Mbele yao, katikati ya kona, mtu alikuwa akishuka na baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, akiburuza ndala chini kupunguza mwendo.

Firdausi alimtazama baba yake mara moja. Kisha akakanyaga breki kwa mguu wote.

Gari lilisimama. Lilisimama upesi, bila kuyumba, huku mkanda ukiwabana kifuani, kwa sababu Mazda ile ina diski pana kwenye magurudumu yote manne. Mtu wa baiskeli alikuwa ameruka kando kwenye mfereji. Mkungu mmoja uligaragara barabarani.

"Yoo, mawe!" alipiga kelele, akimwita mama yake kwa Kiha, kisha akawakaribia, akachungulia dirishani, akaona msichana na mzee mwenye uso wa majivu. "Mwana wanje, mzee anaumwa? Mnamkimbiza hospitali?"

"Hapana, baba. Samahani sana," Firdausi alisema. "Samahani."

"Kama haumwi basi mwendo wa nini? Ndizi hizi zinakwenda mnadani, mimi sijasema nakwenda kaburini."

Walishuka wakamsaidia kufunga mkungu. Nurudini alishika kamba na Firdausi akafunga fundo, akalikosea, akafunga tena, akalikosea. Mwenye baiskeli alimpokonya kamba kwa upole akafunga mwenyewe, akaenda zake akiburuza ndala.

Firdausi alikaa kwenye ukingo wa mfereji. Mikono yake aliificha katikati ya magoti.

"Haikushika, Baba. Niliingoja ishike. Kila wakati nikawa nasema sasa itashika."

"Najua."

"Nilikuwa nakungoja wewe. Ulisema utasema."

"Neno halikutoka."

Firdausi hakumlaumu. Alikuwa akitazama barabara inavyoendelea chini hadi darajani, na macho yake yalikuwa yamefunguka kwa namna ambayo Nurudini hakuwahi kuiona kwake, hata alipokuwa mtoto. "Ile Datsun," alisema, "mbele ina diski ndogo kama visosa. Nyuma ina ngoma. Hazijafunguliwa tangu lini?"

"Sijawahi kuzifungua."

"Mimi nimepima kila kitu kwenye lile gari. Nimepima hadi nafasi ya kiatu changu." Akasimama, akakaa tena. "Sikupima breki. Hata haikunijia. Ningemtia Mwanaamina humo, na shela lake, na nyimbo nyuma yetu, na ningeshuka hapa nikiwa nacheka."

Nurudini alikaa kando yake. Alikuwa ametaka mtu mmoja duniani amsadiki kuhusu mteremko huu. Alipompata, akaona angekubali kuchekwa maisha yake yote kuliko kuuona uso ule kwa binti yake.

Dukani kwa Hashimu, Nurudini ndiye aliyeanza kueleza, na Hashimu alikuwa amekwisha anza kutabasamu, Firdausi alipomkata baba yake kauli, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Baba mdogo, siendeshi."

"Nini?"

"Siku ya harusi siendeshi Datsun. Siyo ikiwa na injini ile na breki zile."

Hashimu akapeleka macho kwa Nurudini, kisha kwa msichana. "Kumbe ugonjwa huu unaambukiza."

"Ndiyo, unaambukiza. Twende nikuambukize. Gari lipo nje, lina mafuta. Ukae alipokaa Baba, nikushushe kwa gia tupu hadi kona ya pili. Ukirudi hapa bado unataka, nitaendesha."

 Yule muuzaji msaidizi aliinamia vyombo, akavifuta vyombo ambavyo vilikuwa safi. Hashimu alitazama mlango, akaona Mazda imeegeshwa juani na tope la mfereji kwenye tairi. Hakutoka nyuma ya meza.

"Wewe umeogopa?" aliuliza kwa sauti nyingine.

"Nimeogopa."

"Firdausi."

"Mpaka sasa naogopa, Baba mdogo. Nilifika hapa kwa gia ya tatu, magari ya maharage yananipita."

Hashimu akavua kofia, akafuta paji la uso, akaivaa. "Harusi haisogei. Kadi zimekwenda hadi Tanga."

"Isisogee," Nurudini alisema. "Gari ndilo lisogee."

Mwanaamina aliolewa tarehe ileile. Aliingia Kibondo ndani ya Hilux nyeupe iliyopambwa kwa riboni na maua ya plastiki. Firdausi ndiye aliyeendesha, kwa gia ya pili, na magari ya msafara yaliyokuwa nyuma yake yalipiga honi mteremko mzima kwa kukerwa. Hakuna aliyejua ni mara ngapi aligusa breki kujaribu kama bado zipo. Mwanaamina alijua, kwa sababu alikuwa kando yake, naye alidhani ni barabara mbovu.

Datsun iko gereji, juu ya matofali. Injini ya rota, ile ya sambusa, bado imo ndani ya Mazda, haijang'olewa, na Nurudini amesema haitang'olewa mpaka breki za magurudumu zimalizwe. Sakafu imechorwa upya. Safari hii chaki ilianzia kwenye magurudumu. Diski za Mazda, wanazotaka kuzihamishia kwenye Datsun, ni pana mno, nati zake hazilingani na za Datsun, na kuna kipande kimoja kilichochongwa Kigoma ambacho kimerudishwa mara mbili. Hashimu hupita kila baada ya sala ya alasiri, husimama, huuliza, huenda zake. Hachekeshi tena kuhusu jambo hilo, na kutochekesha kwake kunamsumbua Nurudini kuliko mzaha.

Wiki hii wamefika kwenye kutoa hewa kwenye mabomba ya breki za Datsun. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani akakanyaga, mwingine hulala chini kando ya gurudumu na spana, akifungua na kufunga kijinati kidogo ili mafuta yatoke na hewa. Wanaifanya kwa zamu, kwa sababu hakuna kati yao anayetaka kuwa wa mwisho kusema imekuwa sawa.

"Kanyaga," Nurudini alisema kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Mafuta yakatoka na mapovu, kisha bila mapovu. Akafunga. "Achia. Kanyaga."

"Imekaza."

"Imekaza kabisa?"

Firdausi alikanyaga tena. Kiatu chake kilisikika kikisukuma, kikirudi, kikisukuma.

"Nadhani imekaza, Baba."

"Ukidhani, haijakaza. Kanyaga tena."